Mgeni asiyeonekana mgeni: miezi yangu sita Dakar

Walimu wetu shikamooni. Wazazi mliowasindikiza watoto shikamooni. Na nyie wadogo zangu mnaosafiri mwezi ujao, mambo vipi. Nimeambiwa niongee kama nusu saa hivi kuhusu kukaa na familia ugenini, nashukuru sana kuitwa maana hili jambo liko moyoni kwangu kweli, na kipindi naondoka mimi hakuna mtu aliyesimama mbele yangu kuniambia haya ninayotaka kuwaambia leo.

Mi ni mtoto wa Kyela, Mbeya. Nimesoma Kifaransa chuoni hapa hapa nchini, na mwaka 2022 kuanzia Januari mpaka mwisho wa Juni nilikuwa Dakar, Senegal, kwenye programu ya kubadilishana wanafunzi, masomo yenyewe Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop, na badala ya kukaa hosteli nikapangiwa familia. Nyumba iko Médina. Kwa anayetaka kupata picha, Médina chukulia ni Kariakoo yao. Wafaransa waliianzisha mwaka 1914, kipindi cha tauni, wakawahamisha Waafrika kutoka katikati ya mji wakawapeleka huko, mitaa ikapewa namba tu badala ya majina, na mpaka leo mtu anakwambia nakaa Rue 6, nakaa Rue 22. Nyumba zimebanana, mafundi cherehani kila kona, soko la Tilène liko hapo hapo, kondoo wamefungwa nje ya milango ya watu, chuoni unafika kwa mguu. Ndani ya nyumba yetu tulikuwa watu kumi na nne. Baba tunamuita Baay, mama Yaay, bibi mzaa baba tunamuita Maam, alafu watoto, wakwe, wajukuu, na kijana mmoja wa kijijini kwao Yaay alikuja mjini kutafuta kazi.

Sasa mnaposafiri kwenda Ulaya au Marekani kila mtu anakuandaa. Utaambiwa kuna baridi, utaambiwa watu hawasalimiani, utaambiwa watakuangalia. Ukisema unaenda nchi nyingine ya Afrika unaambiwa aah huko si nyumbani tu, Waafrika sisi wote ni wamoja. Na mimi niliamini hivyo, niliingia kwenye ndege roho nyeupe kabisa. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna ugeni wa aina yake, ule wa kuwa mgeni mahali ambapo unafanana na kila mtu.

Siku ya nne nikaenda Tilène peke yangu. Yaay alikuwa anataka ndimu nikasema naenda mimi. Nikafika kwa mama mmoja ana mafungu ya ndimu mezani, nikauliza bei kwa Kifaransa, akanijibu kwa Kiwolofu, téeméer. Mi nikafurahi kwa sababu namba nilikuwa nimejifunza usiku wa jana yake na mdogo wangu wa pale nyumbani, téeméer ni mia. Nikatoa sarafu ya faranga mia nikamuwekea mkononi. Yule mama akaiangalia ile sarafu, akaniangalia mimi, akaiweka juu ya meza taratibu alafu akaanza kuongea, na sauti inapanda, na wenzake wa meza za jirani wanageuka, na mi sielewi hata neno moja zaidi ya kwamba ni mimi ndo nasemwa. Nikaondoka bila ndimu.

Baadaye nyumbani ndo nikaelezwa. Kwenye hela Kiwolofu kinahesabu kwa tano tano. Kizio chao ni dërëm, ambayo ni faranga tano, kwaiyo ukitajiwa mia sokoni ni mia ya dërëm, yani faranga mia tano. Ni kama zamani kwetu shilingi tano ilivyoitwa dala, ndo hiyo hiyo iliyozaa daladala, wazee humu ndani wanakumbuka. Mtoto wa miaka mitano wa Dakar analijua hilo. Yule mama hakuona mgeni aliyekosea hesabu, aliona binti wa pale pale mtaani aliyesoma kidogo akaanza kujifanya hajui lugha ya mama yake, anamuongelesha mama mtu mzima Kifaransa, alafu juu yake anamrushia mia kwa kitu cha mia tano. Kwa macho yake niliyoyafanya ni matusi.

Wiki hiyo hiyo mwenzangu wa programu, kijana wa Kimarekani, mzungu, alikosea kosa lile lile sokoni. Alinisimulia mwenyewe anacheka. Muuzaji alimshika mkono, akamuhesabia kwa vidole, akamfundisha kusema asante kwa Kiwolofu, akamuongezea ndimu mbili za bure. Simchukii yule kijana, ni rafiki yangu mpaka leo, na wauzaji wale siwalaumu. Lakini usiku ule nililia. Yeye akisema neno moja la Kiwolofu watu wanapiga makofi. Mimi nikisema maneno kumi nakosea la kumi na moja, mtu ananuna. Ngozi yake inamuombea samahani kabla hajafungua mdomo, yangu mimi inaahidi vitu ambavyo mdomo hauna.

Kwaiyo nikafanya ambacho ningefanya hosteli, nikajifungia chumbani. Nikasema nasoma. Haikupita nusu saa mtoto wa kwanza akagonga, Maam anauliza unaumwa nini. Siumwi. Akaja wa pili na kikombe cha maji ya moto. Akaja wa tatu akasimama tu mlangoni ananiangalia, katumwa akaangalie. Nyumba ile mtu akiwa peke yake mlango umefungwa mchana, maana yake ni mgonjwa au amefiwa, hakuna maana ya tatu. Mwisho akaja Yaay mwenyewe akakaa kitandani.

Yaay Kifaransa chake ni kidogo na Kiwolofu changu wakati ule ndo hicho cha namba, ila tulielewana. Nilivyomaliza kumsimulia hakunipa pole. Aliniuliza swali moja. Mwanangu, ulimsalimia?

Nikasema nilisema bonjour.

Akatikisa kichwa, hiyo sio salamu. Akaanza kunifundisha pale pale kitandani. Unafika, unatoa salaam aleikum, unaitikiwa. Unauliza umelala kwa amani? Anajibu amani tu. Watu wa nyumbani je? Wako. Mchana wenu je? Amani tu. Ukiulizwa hali yako unajibu maa ngi fi rekk, yani niko hapa tu. Na katikati unataja jina la ukoo la mwenzio, unamtajia mara mbili tatu, Ndiaye, Ndiaye, na yeye anakutajia lako. Hapo ndo unauliza ndimu bei gani. Alivyofika pale pa umelala kwa amani mi nikashtuka, maana kwetu Kyela asubuhi mtu anakwambia ugonile, umelala? Ni swali lile lile la bibi yangu. Mimi niliyelelewa kupiga magoti kusalimia, nimevuka bara zima nikafika kwenye meza ya mama wa watu nikamuuliza bei kama naongea na mashine, kisa niko kwenye nchi ya Kifaransa na Kifaransa nilichofundishwa darasani hakina magoti.

Kesho yake asubuhi Yaay akajifunga kilemba chake kizuri akanishika mkono mpaka Tilène, mpaka meza ile ile. Wakasalimiana wee, nikahesabu, zaidi ya dakika tano. Alafu akanisogeza mbele akasema huyu ni mwanangu. Ametoka Tanzania, Kiwolofu bado, atakuja kwako kununua, mfundishe. Yule mama akanitazama upya kabisa, akaniuliza jina la ukoo, nikataja langu la Kinyakyusa, Yaay akamkatisha, hapana, huyu ni Ndiaye. Na kuanzia siku ile nikawa Ndiaye Dakar nzima, na yule mama wa ndimu ndo akawa mwalimu wangu wa hesabu, kila nikipita ananishika kwenye namba mpya.

Hapo ndo penyewe nilipotaka tufike. Ile kazi aliyoifanya Yaay, hosteli haiwezi kuifanya. Mtu mweusi kwenye mji wa watu weusi, asiyeongea lugha yao, swali la kwanza watu wanalojiuliza ni huyu mtoto wa nani. Wala sio swali baya, hata huku kwetu tunaliuliza, mtoto wa nani wewe, kwenu wapi. Usipokuwa na jibu unabaki kuwa mtu wa mashaka. Familia ndo jibu lako. Anatokea mtu mzima mwenye heshima zake anasema mbele ya watu huyu ni wangu, na mlango uliofungwa unafunguka.

Na hilo jina la ukoo lina mambo yake. Jirani yetu ukuta kwa ukuta ni fundi cherehani, yeye ni Diop, na akina Ndiaye na akina Diop ni watani. Utani kabisa kama huu wetu, wa Wachaga na Wapare, wa Wazaramo na Wanyamwezi. Siku ya kwanza kujua mimi ni Ndiaye alinipigia kelele kutoka ndani ya duka lake, wewe mtumwa wangu, mnavyopenda kula nyie, leo mmemaliza gunia ngapi za mchele! Mi nikaganda. Mdogo wangu akanikanyaga mguu, mjibu, mjibu, mwambie yeye ndo mtumwa. Nikajibu kwa Kiwolofu kibovu, mtaa mzima ukashangilia. Nilijisikia nyumbani siku ile kuliko siku nyingine yoyote, kwa sababu hakuna mtu anayemtania mgeni.

Sasa ukishakuwa mtoto wa watu, mtoto ana kazi. Hili nalisema kwa msisitizo maana nimeliona likiharibu. Programu inailipa familia kitu kidogo kila mwezi kwa ajili ya chakula chako, na kuna wenzetu wakishajua hivyo wanakaa pale kama wako gesti. Anakula anainuka. Anafua nguo zake peke yake anaanika zake. Mimi pia wiki ya kwanza niliishi hivyo, nilidhani ndo ustaarabu, kutowasumbua watu. Hakuna aliyenisema. Ila niliona dada mkubwa wa pale, ambaye kila kitu kilikuwa kinamuangukia yeye, akipita na beseni ananiangalia nguo zangu mbili tatu kwenye kamba alafu anaangalia pembeni. Jumamosi ya pili nikamfuata Yaay jikoni nikamwambia nipe kazi. Hakusema asante wala nini. Alinisogezea sinia la mchele.

Nikafungua macho. Chenga! Mi ni mtoto wa Kyela jamani, mchele wa Kyela unajulikana nchi nzima kwa harufu yake, nimekulia kwenye majaruba, kwetu chenga unapikia uji au unawapa kuku, na mtu akikupikia chenga ukiwa mgeni wake umeelewa anavyokuona. Na hapa ni nyumba yenye uwezo wa kawaida, wananunua chenga gunia zima, kwa makusudi, na zinachaguliwa, ziwe ndogo ndogo za kulingana. Wafaransa ndo waliozileta zamani kutoka makoloni yao ya Indochina, zilikuwa mabaki ya mashineni kule, na watu wa Senegal wakazigeuza kuwa chakula chao cha heshima kuliko vyote. Chebu jen, wali samaki. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika Desemba 2021, mwezi mmoja kabla sijafika, kwaiyo nilivyofika kila mtu alikuwa anauongelea kwa kujidai.

Na kuupika nimejifunza, ila sio kwa siku moja. Kazi yangu ya kwanza baada ya kuchambua ilikuwa kutwanga kwenye kinu kidogo, kitunguu saumu, pilipili, na majani yanayofanana na kotmiri, mpaka iwe ujiuji mzito wa kijani. Samaki anachanjwa mikato mirefu mbavuni, ule ujiuji unausukumiza ndani kwa kidole. Anakaangwa anatolewa. Nyanya ya kopo inakaangwa mafuta mengi mpaka inakuwa nyekundu ya kuiva, maji yanaingia, samaki anarudi, na mboga zinaingia kubwa kubwa, kabichi, karoti, muhogo, boga, bilinganya, na kipande cha samaki mkavu kwa ajili ya harufu. Huku chenga zako umeziweka kwenye chujio juu ya sufuria zinapata mvuke. Ukishatoa mboga na samaki wote, ndo chenga zinaingia kwenye lile supu, na hapo nikaelewa kwanini chenga, kwa sababu punje nzima isingeweza kunywa supu vile. Mwishoni chini ya sufuria inabaki ile iliyoshika. Wanaiita xooñ. Yaay alivyoibandua kwa mwiko wa chuma akanipa kipande nikasema ukoko! Nikawaambia kwetu tunagombana watoto kwa ajili ya huu. Wakacheka, wakasema na sisi.

Chakula kinawekwa kwenye bakuli moja kubwa chini mkekani, mnazunguka. Watu wa pwani mnaokula sinia mnalijua hilo, ila lile bakuli lina sheria zake na nilizijua moja moja. Unakula eneo lililo mbele yako tu, huvuki mpaka. Samaki na mboga ziko katikati na huzifikii wewe, Yaay ndo anamega kwa vidole vyake anarusha kipande mbele ya kila mmoja, cha kwako kinakuja chenyewe. Ukiona vipande vyako vinakuja vingi kuliko vya wenzio, wewe bado mgeni. Mimi miezi miwili ya mwanzo nilikuwa narushiwa karoti na minofu minono kuliko hata Baay. Mwezi wa tatu siku moja nikaangalia mbele yangu nikaona kipande cha kawaida, sawa na cha mdogo wangu, na mfupa juu yake. Nilitaka kulia kwa furaha na sikumwambia mtu.

Na mkono wa kushoto. Humo kwenye bakuli usiuingize kabisa. Siku moja nilikuwa nashika simu kwa kulia, nikapitisha wa kushoto kuchukua kipande cha ndimu ukingoni mwa bakuli, ndimu tu, Maam ambaye macho yake hayaoni vizuri sijui alionaje, akanipiga kofi la mkono bila kusema neno akaendelea kula.

Kuna mzazi amenitumia meseji jana kuuliza, mtoto wake ni Mkristo na anapelekwa nyumba ya Waislamu, itakuwaje. Mama, mi ni Mmoravian, na Senegal zaidi ya watu 90 katika kila 100 ni Waislamu, na hiyo hiyo Senegal rais wao wa kwanza Léopold Sédar Senghor alikuwa Mkatoliki akakaa madarakani miaka ishirini. Nitakwambia nilichokiona. Mwaka ule Ijumaa Kuu iliangukia tarehe 15 Aprili, katikati ya mwezi wa Ramadhani. Siku za mwanzo za mfungo Yaay alikuwa ananipikia mchana, yai na mkate, amefunga, midomo imemkauka, anasimama kwenye jiko kwa ajili yangu mimi peke yangu. Siku ya tatu nikamwambia Yaay acha, ntajipikia mwenyewe, akakataa, nikamuomba tena, tukakubaliana niwe nala kwa yule mama anayeuza mkate wa kunde kona ya mtaa wa pili alafu jioni tunafuturu wote. Basi Ijumaa Kuu ikafika. Kule Wakristo siku hiyo wanatengeneza kitu kinaitwa ngalakh, uwele uliosagwa ukapikwa kwa mvuke, unachanganywa na siagi ya karanga na ubuyu na sukari, unakuwa mzito wa baridi. Wanatengeneza ndoo na ndoo, wanawagawia majirani zao Waislamu, nyumba kwa nyumba. Mchana ule mtoto wa jirani Mkatoliki akaleta ndoo ya kwetu. Watu wote wamefunga. Yaay akaipokea, akashukuru kwa salamu ndefu kama kawaida, akaifunika kwa kitambaa cheupe, akaiweka kwenye friji, na magharibi ilivyoadhiniwa, baada ya tende na maji, ndo ikafunguliwa. Akanipa mimi bakuli la kwanza. Akasema leo ni sikukuu yako.

Nilikuwa sijamwambia. Alikuwa ameuliza yeye mwenyewe kwa wale majirani.

Mambo mengine nayapitia haraka maana naona mwalimu anaangalia saa. Chai yao attaya inapikwa mara tatu kwenye birika dogo, raundi ya kwanza chungu, ya tatu sukari tupu, inachukua masaa na usiondoke katikati, mazungumzo yote ya maana ya nyumba yanafanyika hapo. Lugha msiiogope, kwa sisi wa Kiswahili kuna milango mingi, Alhamisi wanasema alxamis, Ijumaa wanasema àjjuma, habari ni xibaar, baraka ni barke, alafu wana ngeli kama sisi, mtu ni nit ki, watu ni nit ñi. Mimi darasani Wamarekani walikuwa wanateseka na ngeli, mi nikawa naelewa kwanini zipo. Na ule usiku wa tarehe 6 Februari, fainali ya AFCON kule Yaoundé na Misri, Sadio Mané akakosa penati dakika ya saba tu, Baay akatoka nje kabisa, dakika 120 hakuna goli, zikaja penati na ya mwisho ya ushindi akapiga yeye yeye Mané. Sijawahi kuona mji ukilia vile. Usiku ule ule Macky Sall, rais wa wakati ule, akatangaza kesho yake iwe mapumziko. Barabarani nilikumbatiwa na watu ambao mpaka leo siwajui na hakuna aliyeuliza mi ni wa wapi.

Niseme kidogo na wazazi. Baadhi yenu mmejiandikisha kupokea wanafunzi mwakani, wengine watatoka Burundi, Congo, Msumbiji. Mzungu akija tunajua la kufanya, tunamuongelesha taratibu, akisema mambo poa tunashangilia. Lakini yule dada wa kutoka Bujumbura anapanda daladala, konda anamuuliza unashuka wapi, anachelewa kujibu, anasonywa. Yule kaka wa Lubumbashi anaongea Kiswahili chake cha kwao, Kiswahili kamili kabisa, na sisi tunamcheka usoni eti hajui Kiswahili. Nimekaa upande ule wa kuchekwa miezi sita, nawaomba sana. Mkipokea mtoto ambaye amefanana na nyie, siku ya kwanza tu mchukueni, mpelekeni dukani kwa Mangi, kwa mama wa genge, kwa bodaboda wa kijiweni, mseme kwa mdomo wenu huyu ni wetu, anatoka sehemu fulani, Kiswahili anajifunza. Dakika kumi tu. Mimi zile dakika tano za Yaay pale kwenye meza ya ndimu ndo zilizonipa miezi sita yote.

Siku ya kuondoka, mwisho wa Juni, ndege ilikuwa usiku na uwanja uko mbali, kama kilomita 50 nje ya mji, kwaiyo tukaagana nyumbani. Walijipanga wote uani. Nikaanza na Baay, nikanyoosha mkono wa kulia, akauacha hewani. Akanipa wa kushoto. Nikadhani amechanganya. Nikaenda kwa dada mkubwa, kushoto. Yaay, kushoto, huku analia. Nikamuuliza mdogo wangu kwa nini mnaniagia hivi, nimekosa nini, maana nyumba ile ndo iliyonipiga kofi kwa ajili ya mkono huo. Akaniambia mtu anayesafiri mbali haagwi kwa mkono wa kulia. Anaagwa kwa kushoto kwa sababu ni makosa, na makosa hayaachwi, lazima mtu arudi ayasahihishe.

Maam alikuwa wa mwisho, amekaa kwenye mkeka wake chini ya dirisha. Nilipiga magoti. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, na kwa vile haoni vizuri aliushika wangu akaupapasa kwanza, akatafuta kidole gumba kiko upande gani, akahakikisha, ndo akaubana.

Ijumaa iliyopita nimeongea nae kwenye simu. Ameniuliza nauli imefika wapi, nikamwambia nadunduliza.